Picha ya Mgongo

Kila mwaka mtihani wa kidato cha nne ukiisha, Bwana Gulled alikuja kwetu Manga na pikipiki yake, akaiegemeza kwenye ukuta wa jikoni, upande ambao mbuzi hawafiki. Alikuwa ameshawajua mbuzi wetu. Mwaka mmoja walimtafunia kamba ya mkoba wa kamera, akapanda mlima akiwa ameukumbatia ule mkoba kama mtoto mchanga.

Boma letu liko karibu na ukingo, pale ardhi ya Manga inapokatika ghafla na kushuka wima. Chini kuna bonde, ng'ambo ya bonde kuna vilima, na jua likiwaka unaona mabati ya mji wa Kisii yanametameta mbali. Pikipiki haifiki pale juu. Lazima uiache kwetu, ukate shamba letu la pareto kwa miguu. Ndiyo maana watu wengine walimjua Gulled wa mjini, wa kile kibanda cha picha kwenye njia ya kwenda Daraja Mbili, na sisi tulimjua Gulled wa kunywa uji.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti la mifuko mingi. Alizaliwa Kisii mjini. Baba yake alikuwa Msomali aliyekuja na biashara ya ngozi, akaoa, akakaa. Nyama ya kwetu hakula kwa sababu hakujua nani kachinja, lakini ndizi za mama alizimaliza. Kikisii alichojua kilikuwa cha sokoni: salamu, bei, na matusi madogo madogo. Mengine yote alisema kwa Kiswahili, sisi tukamjibu kwa Kiswahili chetu, na nyanya yangu Bathsheba akatucheka sote.

Zamani hakuwa akipiga picha nje. Kibandani alikuwa na shuka kubwa iliyochorwa ndege, na mtu alisimama mbele yake kama anayepanda kwenda Ulaya. Watu waliipenda sana hiyo ndege. Shida ni kwamba shuka ilitosha watu wawili, na vijana waliomaliza shule walitaka kupigwa darasa zima, kwa maana wakiachana siku ile huyu anarudi Kebirigo, yule Nyamarambe, na mwingine hajui hata yeye anakwenda wapi. Gulled akajaribu kuwapanga barabarani. Picha ikatoka na punda katikati, na punda ndiye aliyetulia kuliko wote. Basi vijana wenyewe wakasema, twende Manga. Tangu hapo wakawa hawataki tena ndege.

Siku ya picha ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Ijumaa ilikuwa ya Gulled, Jumamosi ilikuwa Sabato yetu, Jumapili asubuhi ilikuwa ya Wakatoliki. Kikabaki hicho kipande cha alasiri, nacho tulikigawana na mvua.

Nilipenda kumtazama akifanya kazi. Kwanza alichora mstari kwa kisigino chake, mbali kidogo na ukingo. "Ukivuka hapa," aliwaambia vijana, "picha yako nitampa mama yako ailie." Halafu alitoa vitu vyake mkobani: miwani ya jua, tai moja, na redio ndogo ambayo haikuwa na kitu ndani. Kila kijana aliishika ile redio karibu na sikio na kutabasamu kama anasikia habari njema. Kamera aliining'iniza kifuani na kuitazama kutoka juu, kichwa kimeinama, kama mtu anayeomba chakula kibarikiwe. Wakicheka alingoja. Wakinuna alingoja vilevile. Hakuwa na haraka ila na mawingu.

Mwaka wa sabini na nne ilikuwa zamu ya kaka yangu Josiah. Nyumbani kwetu hakuna mwingine aliyefika kidato cha nne. Mimi mwenyewe nilitoka darasa la tatu kuja kulea watoto. Josiah alikuwa aende Nairobi wiki ileile, kwa mjomba aliyemtafutia kazi, na hakuna aliyejua angerudi lini. Jioni moja tukila alisema, bila kumtazama mtu, "Nataka kupigwa picha moja na Tata. Niende nayo."

Tata, baba yetu, aliendelea kula. Tata ni mtu wa maneno machache, jina lake Nyamweya, na ukimwuliza jambo leo unaweza kujibiwa wiki ijayo, au usijibiwe kabisa. Lakini Jumapili ilipofika aliagiza maji ya moto, akanyoa ndevu, akavaa koti lake la kanisa na kofia yake nyeusi. Nyanya alimtazama akitoka mlangoni.

"Leo Sabato imehama?" akauliza.

Tata akampita, akashika njia ya ukingoni. Tukajua amekubali.

Tulipanda sote, nyanya na mkongojo wake akiwa nyuma, maana hakutaka kukosa kichekesho. Darasa lilikuwa limekwisha kupigwa pamoja, na sasa walikuwa wakipigwa mmoja mmoja, wakipokezana koti moja la shule, huyu akitoka mwingine anaingia. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Nyamira. Gulled aliyaangalia, akaita, "Josiah na mzee! Njooni mbele."

Tata akaenda akasimama karibu na Josiah. Walikuwa wamenyooka kama nguzo mbili za uzio. Gulled alikuwa ameshainama kwenye kamera wakati yule Mogaka, rafiki yake Josiah, kijana asiyejua kunyamaza, alipopaza sauti:

"Josiah, hiyo utaitundika juu ya kitanda! Ukioa, mkeo akiamka asubuhi, wa kwanza kumsalimu ni baba mkwe!"

Wenzake wakaangua kicheko. Josiah naye alitaka kucheka, lakini alimwona Tata.

Tata alikuwa ametoka kwenye nafasi yake. "Mpige peke yake," akamwambia Gulled.

"Mzee, nimeshaweka tayari."

"Mpige peke yake."

Kaka yangu alibaki pale na koti la kuazima, mikono ikikosa pa kwenda. Hakumwomba Tata mara ya pili. Kwetu humwombi baba yako mara mbili mbele za watu.

Gulled hakuelewa. Alidhani Tata ameogopa kamera, kama wazee wengine wa zamani. Akamsogelea, akasema kwa upole, "Mzee, haiumi. Ni kidogo tu, tik, basi imekwisha."

Vijana wakacheka tena, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Mimi naogopa kisanduku?" Tata akasema. "Mimi nimeua chui kwa panga, wewe ukiwa unanyonya. Naogopa kisanduku?"

"Samahani, mzee. Sasa ni nini?"

Jambo lenyewe lilikuwa la aibu kutajwa mbele ya mwanawe, na mbele yangu. Tata akageuka akaanza kuondoka.

Nyanya ndiye aliyesema, yeye hana wa kumwonea aibu. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, mkongojo kati ya magoti.

"Wewe Gulled, umezaliwa Kisii na hujui kitu," akasema. "Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Akimtaka, anasimama nje anaita. Na mke wa mwana hakai mbele ya macho ya baba mkwe. Ni ensoni, aibu ya wakwe. Sasa huyu ukimweka ukutani, ameingia au hajaingia? Mke wa Josiah atatoka kuoga na leso moja, na mkwe wake yuko pale juu na kofia, anamtolea macho!"

Vijana walitazama viatu vyao. Mogaka alijificha nyuma ya wenzake.

"Mimi ndiyo piga," nyanya akaendelea kwa Kiswahili chake. "Mimi nyanya nitaingia kwake, nitalala hata kitanda yake, huyo mke atafute mkeka."

Gulled alijikuna shingo. "Basi picha ikae kwako, mzee. Kwa nyumba yako."

"Mimi ndiye ninayeondoka," Josiah akasema, sauti ndogo. "Picha ya kukaa hapa ni ya nini? Hapa yuko mwenyewe."

Hilo Tata alilisikia. Alisimama. Sasa hakuweza kurudi, na kuondoka pia hakuweza. Alitembea mpaka karibu na ule mstari wa kisigino, akatupa mgongo, mikono nyuma, akawa anatazama bonde. Ndivyo afanyavyo hata nyumbani akishindwa na jambo: hutoka nje akatazama ndizi.

Josiah alikuwa bado amesimama palepale, uso huku kwetu. Tone la kwanza la mvua lilinipiga mkononi. Gulled akainama kwenye kamera ili amalize na Josiah peke yake, halafu akainua kichwa. Akainama tena. Hakubonyeza.

"Mzee," akaita, "usigeuke."

"Kwa nini nisigeuke?"

"Hapo ulipo, unamtazama nani?"

"Simtazami mtu. Natazama bonde."

"Na ukiwa ukutani kwa Josiah, na mke wake yuko ndani, utakuwa unamtazama nani?"

Mgongo wa Tata haukutikisika, lakini niliona vidole vyake, vile vilivyoshikana nyuma, vikifunguka na kushikana tena.

"Nitakuwa natazama bonde," akasema mwishowe, polepole.

"Basi hujaingia. Uko nje, umesimama, umewapa mgongo."

Nyanya akapiga mkongojo chini. "Huyu Msomali amezaliwa Kisii kweli!"

Nilidhani imekwisha. Lakini Tata bado alikuwa akifikiri. Kisha akauliza, bila kugeuka, swali ambalo mpaka leo mama akilikumbuka anashindwa kuepua sufuria kwa kicheko.

"Na masikio?"

"Masikio gani, mzee?"

"Nyumba ya watu wawili ina maneno yake. Macho yatazame bonde, sawa. Masikio je?"

Gulled hakucheka. Hilo ndilo nililompendea. Alifikiri kabisa, kama mtu aliyeulizwa jambo la kazi yake.

"Kofia yako ni kubwa," akasema.

Tata akaishika kofia kwa mikono miwili, akaivuta chini mpaka masikio yakapotea. Akarudisha mikono nyuma.

"Josiah, sogea kushoto kidogo, usimfunike mzee. Kidogo tena. Hapo."

Ikalia tik. Mvua ikashuka papo hapo, na vijana wakatimua mbio kwenye pareto, koti la shule likiwa juu ya vichwa vitatu. Gulled aliificha kamera kifuani chini ya shati, akampa nyanya mkono, wakateremka taratibu wakilowa.

Picha hizo Ladan, mke wa Gulled, ndiye aliyekata kingo zake kwa makasi, na za kwetu alizikata vizuri kuliko za watu wengine, au labda ni macho yangu. Gulled alizileta mwenyewe kabla Josiah hajasafiri. Kila mtu alitaka kuishika ile moja. Josiah yuko mbele, amefunga midomo kama aliyeficha peremende. Nyuma yake kidogo yuko Tata, mgongo mtupu, kofia imekaa juu ya mabega, na mbele yake bonde lote limejaa ukungu na mwanga. Hukuona uso, lakini hukuweza kusema ni mtu mwingine.

Tata aliishika mbali na macho. Alikuwa hajawahi kujiona upande ule.

"Koti limepasuka hapa nyuma," akasema.

"Limepasuka tangu mwaka jana," mama akajibu. "Nilikwambia, ukasema naona vibaya."

Siku ya kuondoka, Josiah alilaza picha katikati ya mashati kwenye sanduku lake. Tulimsindikiza hadi barabarani. Tata alibeba sanduku, na gari lilipotokea kwenye kona alimkabidhi. Nilingoja aseme neno la baba, la kumwogopa Mungu na kujihadhari na watu wa mjini. Alisema tu, "Ukipata nyumba, uitundike." Josiah akasema, "Ndiyo, Tata," na uso wake ukawa kama ule wa kwenye picha, ila sasa peremende ilikuwa imemshinda.

Gulled alimwomba Tata ruhusa ya kubandika nakala kibandani kwake. Tata alinyamaza wiki mbili, halafu akatuma jibu kwa mtu aliyekuwa akienda sokoni kwamba hana neno. Msimu uliofuata wakaja wazee wawili na vijana wao, wamenyoa, wamevaa makoti, na kabla hata ya kusalimia mmoja akamwuliza Gulled ni wapi wanaposimama wale wa kutazama bonde. Mwingine alikuja bila kofia, ikabidi aazime ya Tata. Tata aliitoa mwenyewe, akamwonyesha namna ya kuivuta.

Na siku hizi Tata akipeleka ndizi Daraja Mbili, hupita njia ya kibanda cha Gulled ingawa ni ya kuzunguka. Anasema kule kuna matope machache. Mimi humfuata nyuma na kikapu changu, kwa hiyo naona vizuri. Watu wanapishana naye kama na mzee yeyote. Wanapiga hatua kadhaa, mmoja anageuka, anamgusa mwenzake, na kwa nyuma wanaita: "Nyamweya wa Manga!"