Mwanamume katika Insha ya Corinne

Adelaide Halkett alikuwa jikoni akipasua samaki wa kukausha, gari geni liliposimama mlangoni. Kisu kikatulia mkononi. Tangu maafisa wa serikali walipomchukua akiwa na miaka sita na kumpeleka shule ya bweni, ambako walimnyoa nywele na kumchapa kila alipotamka Kikrii, lugha ya kwao, hakuna mgeni mwenye karatasi aliyewahi kumletea heri.

Huyu, naye akiwa na karatasi mkononi, alikuwa Mwalimu Paulsen, mwanamke kijana aliyehamia kutoka kusini mwa Kanada mwaka ule kufundisha shule aliyosoma Corinne, mjukuu wa Adelaide. Alikaribishwa kiti, akakataa.

“Bibi Halkett, hapa anaishi mwanamume gani?”

“Kwa nini?”

“Corinne ameandika insha kuhusu mtu anayemlea. Anasema ni mwanamume. Anamwogesha, anamsuka nywele, wanalala kitanda kimoja.”

Nyumba ile haikuwa na mwanamume. Ila Wallace, mtoto wa kaka yake, alikuwa uani akimpasulia kuni, na ndiye aliyebaki na mtoto kila Adelaide alipokwenda kufua mashuka ya zahanati. Akamtazama dirishani. Wallace akainua kichwa, akatabasamu. Tabasamu alilolipenda tangu kijana yule akinyonya, leo likamtisha.

“Corinne! Njoo hapa.” Akamuuliza kwa Kikrii, polepole, “Nani anakusuka nywele?”

“Si wewe, Bibi?”

“Na kukuogesha?”

“Wewe! Kwani umesahau? Jana si umenitia povu machoni!”

Adelaide akashusha pumzi, akaipokea ile karatasi. Kikrii, kama Kiswahili, humwita mwanamke na mwanamume “yeye” yule yule. Kiingereza, lugha ya insha ile, kina neno la huyu na neno la yule. Corinne alikuwa amechukua la kiume, akaenda nalo mpaka mwisho wa ukurasa.

“Mwanamume mwenyewe ndiye mimi,” Adelaide akasema. “Lugha yetu ina ‘yeye’ mmoja tu.”

Mwalimu akawa mwekundu hadi masikioni. “Nisamehe, Bibi. Nilimhofia mtoto.”

“Umemwambia nani?”

“Mwalimu mkuu tu.”

“Na watu wa ustawi wa jamii?”

“Bado.”

“Hiyo ‘bado’ yako siipendi. Twende kwa mkuu sasa hivi, ukamwambie nikisikia.”

Akaenda vile vile, mikono ikinuka samaki. Mkuu alicheka, akasema yameisha. Adelaide hakucheka. Tangu siku hiyo hakuna insha ya Corinne iliyotoka nyumbani kabla hajasomewa yeye, neno kwa neno, na kila “yeye” akauliza ni nani.

Jioni ile Wallace alimwuliza, “Shangazi, mbona uliniangalia vile dirishani?”

Akashindwa kumficha. Akamweleza yote. Wallace akamaliza chai yake, akaaga.

Kuni bado anamletea. Ila siku hizi akikuta Adelaide hayupo, haingii ndani. Hukaa garini mwake hadi shangazi yake arudi.