Katuni za Roboti na Hukumu ya Mjomba

Kwenye ukoo wetu ni mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu tayari, na tangu matokeo yatoke hakuna jambo linaloamuliwa bila mimi. Ng'ombe akikohoa, naitwa. Ndivyo dada yangu, anayeuza dagaa wa Nkome pale Geita mjini, alivyonikabidhi kesi ya katuni.

Binti yake wa kidato cha pili alikuwa anatazama sizoni ya Kijapani ya roboti na vyombo vya angani kwenye simu ya mama yake. Mama mmoja wa kwaya akamwambia dada kwamba katuni zile zinaharibu watoto. Dada akaichukua simu.

"Wewe ndiye msomi," akaniambia. "Itazame yote. Ukisema haifai, naifuta, na simu yangu hagusi tena mpaka amalize shule."

Mpwa wangu alikuwa anachambua mchele. Punje moja aliichambua kama nusu saa.

Nikaenda kwenye kibanda wanakoweka muvi kwenye flashi, nikaomba ile iliyotiwa sauti ya Kiswahili na DJ, maana huku kwetu muvi isiyo na DJ tunaiona bubu. Nilitazama Ijumaa na Jumamosi, vipindi kama elfu moja hivi. Mambo niliyosikia! Nahodha wa chombo kilichotua mwezini alimwita mwenzake fisi wa Kishapu. Roboti wa bluu alimtongoza mke wa mtu kwa maneno ambayo hata mchimbaji aliyeokota dhahabu leo asubuhi huyanong'ona. Daftari langu likajaa dhambi kurasa tatu.

Jumapili baada ya ibada nikatoa hukumu sebuleni. "Haifai."

Dada akashika simu afute.

"Shikamoo, mjomba," akasema mpwa wangu, ambaye alikwisha kuniamkia asubuhi.

"Marahaba."

"Ulitazama ile ya DJ?"

"Kwani kuna nyingine?"

"DJ anajitungia, mjomba. Kijapani hajui. Fisi wa Kishapu amefikaje mwezini?"

Dada akanitazama kama anavyotazama dagaa walionyeshewa mvua. "Msomi," akasema, "kaa hapa tuitazame ya kwake."

Ya kwake ilikuwa na sauti ya Kijapani na maandishi ya Kiingereza chini. Kiingereza changu cha jioni kinatembea, hakikimbii, kwa hiyo binti alisimamisha picha kila nilipobaki nyuma, nami nikamtafsiria dada. Tukafika pale nilipoandika "anatongoza". Kumbe roboti wa bluu alikuwa anamweleza yule mama kwamba mgodi wa mwezini umetitia, mumewe amefukiwa chini, na yeye anaomba ruhusa ashuke kumtafuta.

Nikatafsiri mpaka hapo, nikafunga daftari langu. Shemeji yangu, mume wa dada, anachimba dhahabu Mwakitolyo, kwenye duara, yaani shimo refu ambalo mtu akishuka Jumatatu anaweza kuibukia Marekani Alhamisi. Msimu wa mvua maduara hutitia. Kila mtu sebuleni alilijua hilo.

"Matusi hamna," nikasema baadaye. "Yale ni ya DJ, nimekosea. Ila huzuni imo, dada, tena nzito. Mtoto ambaye baba yake yuko mgodini, sijui kama inamfaa. Hapo elimu yangu imeishia."

Dada akamgeukia binti yake. "Na wewe kitu kama hiki unakitazama cha nini?"

"Yule baba anapatikana, mama. Kipindi cha tisa. Nimekirudia mara nne."

Dada akaichukua simu, akamrudishia. Hakufuta kitu. "Peke yako hutaitazama tena," akasema. "Utaitazama na mimi. Weka hicho cha tisa, na usogee huku, sioni."

Mimi sikuulizwa tena. Mwanamume alipotolewa shimoni, vumbi mpaka kwenye kope, dada aliuliza jambo moja tu.

"Wamempa maji?"

"Anapewa sasa hivi, mama. Tazama."