Bukari ya Baridi

Ukifika Kolwezi, ukajikuta mtaa wa Kanina na tumbo linalia njaa, usiulize hoteli. Uliza malewa ya Mama Domitille. Ni mabati manne, benchi mbili, na majiko matatu ya mbabula yanayowaka makala, yaani makaa, ya kutoka Mutshatsha, basi. Lakini bukari yake, ugali wa huku kwetu, we! Inakuja inatoa moshi, unaimega huku unapuliza vidole, sombe la majani ya muhogo pembeni, na samaki wa chumvi aliyekaangwa mpaka mifupa inatafunika. Wachimbaji wanaotoka mashimoni na vumbi hadi kwenye kope wanakula hapo kila siku, na sijasikia hata mmoja akilalamika kwamba chakula cha mama huyu kilimfikia kimepoa.

Yeye mwenyewe ndiye aliyekula baridi. Alikuwa akitenga tonge lake mapema, analifunika kwa sahani, analiacha likae mpaka wateja waondoke na bukari iwe ngumu kama tofali. Hapo ndipo anakula. Chai hivyo hivyo, anaiacha mpaka nzi wanaiona haina faida. Vijana walimtania sana. "Mama Domi, unaogopa bukari yako mwenyewe? Umetia nini ndani?" Naye anajibu kwamba meno yake ni mabovu. Uongo mtupu! Meno yale yangevunja mfupa wa mbuzi.

Sababu yenyewe nitaisema sasa hivi, kwa maana sipendi kuzungusha watu.

Domitille alizaliwa hapa hapa Kolwezi, lakini wazazi wake walikuwa Waluba wa Kasai. Miaka ya tisini, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, yeye na mumewe Kalala walipandishwa treni pamoja na wengine, na godoro moja, na sufuria. Huko Kasai, nchi ambayo hawakuijua ila kwa majina ya mababu, walijenga kibanda karibu na mto. Mto ulikuwa na samaki, na ulikuwa na nzi wakubwa wanaouma hata juu ya nguo. Kalala alicheka nzi wale. Baada ya muda akaanza kusinzia mchana akiwa na jembe mkononi, na usiku anatembeatembea uani kama mtu aliyepoteza kitu. Akawa analia bila sababu, mwanamume mzima, mbele ya sahani ya chakula.

Waganga wa serikali walikuja na gari, wakamchoma mgongoni, wakatoa maji ya uti wa mgongo, wakasema ni ugonjwa wa usingizi na umekwisha kupanda kichwani. Dawa ilikuwa moja tu wakati ule, sindano ya arseniki. Ndiyo, arseniki, sumu hiyo hiyo. Waliipiga kwa sindano ya kioo, kwa kuwa ile ya plastiki dawa iliila. Kalala alishikwa na watu wawili, akasema mshipa wake unaungua kama umetiwa makala. Na kwa kuwa dawa ile ni moto, watu walisema mgonjwa asiongezewe moto mwingine. Asikae juani, asilale na mkewe, asishike jembe, asile wala kunywa kitu cha moto, mpaka miezi sita ipite. Sheria hiyo mtoni kule kila mtu aliijua, mpaka watoto.

Siku moja mchana, zamu ya sindano haijaisha, Kalala akamshika mkewe kanga. "Domi, nipe bukari yenye moto. Kipande tu. Nimechoka kula kama maiti." Na mgonjwa haulizwi uji, au siyo? Domitille alimpenda mume wake. Akampa tonge moja kutoka sufuriani, likitoa moshi, akamtazama akilila macho yamefumba kwa raha. Kabla ya jua kuzama Kalala alianguka, akatetemeka mwili mzima, hakuamka tena. Mganga alipouliza ni nani aliyempa kitu cha moto, mama mkwe wa Domitille, Kanku, aliyekaa nao kibandani, alinyoosha kidole. "Ni huyu! Alimuua mutoto wangu na bukari!" Domitille hakubisha. Angebisha nini? Tonge alilitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Alirudi Kolwezi na mtoto mgongoni, Mechack, ambaye hata meno hakuwa nayo. Akafungua malewa kwa kuwa kupika ndiyo kazi aliyoijua. Lakini aliapa kimya kimya kwamba moto aliomuulia mumewe hatauonja tena. Hakuolewa. Kanku naye baadaye alirudi, akakaa Mutshatsha kwa mwanawe mwingine. Walikutana kwenye misiba tu. Bibi yule alimsalimu kila mtu kwa mkono, akifika kwa Domitille anaurudisha mkono ndani ya kitenge. Miaka yote hiyo! Mimi ningekwisha kumtukana.

Sasa Mechack alikua, akawa mchimbaji kama vijana wenzake. Akaenda Kasai kutafuta almasi mitoni, akakaa huko kama miaka miwili, akarudi na simu nzuri na mfuko mtupu. Akaingia mashimo ya shaba karibu na mgodi wa Mashamba. Mwaka haujaisha akaanza kusinzia. Alisinzia ndani ya shimo, tochi ikiwaka kichwani, wenzake wakamvuta kwa kamba huku wanamtukana. Wakasema ni pombe. Zahanati ikasema malaria, halafu tifoidi. Mchungaji akasema kuna mchawi katika ukoo, na unajua mwenyewe walimtazama nani. Domitille aliona yote, akakataa kuyaelewa. Mpaka siku moja Mechack alikaa kwenye benchi ya malewa, sahani mbele yake, akaanza kulia. Mama akamuuliza nini. Mtoto akasema, "Siyue, mama. Siyue."

Hapo mwiko ukamponyoka mkononi.

Akampeleka hospitali. Daktari wa pale, Dokta Laure, alikuwa mwanamke kijana, lakini alikuwa amefanya kazi Kasai, akaujua ugonjwa kabla hata ya vipimo. Aliposema kwamba ni ugonjwa wa usingizi, Domitille alikaa chini sakafuni, kitenge na yote. "Mi nakuomba, dokta. Musimupige ile sindano. Heri mumuache."

"Sindano gani, mama? Siku hizi ni vidonge. Anameza, siku kumi, inaisha." Akamwonyesha picha ya vidonge kwenye simu, maana vyenyewe vilikuwa bado njiani, vinaletwa bure. "Kitu kimoja tu. Lazima akule, ashibe kabisa, njo ameze. Bila chakula dawa haiingie muzuri mu damu. Unasikia, mama? Chakula njo nusu ya dawa."

Domitille alisikia. Alisikia kila neno. Chakula tena! Mara ya pili uhai wa mgonjwa wake unawekwa kwenye tonge la mkono wake.

Basi mama huyu, mpishi ambaye Kanina nzima inamsifu, akafanya kitu ambacho mtu wa kwingine hawezi kukielewa. Dawa ilipofika, kila asubuhi alipika bukari nyumbani, akaitandaza kwenye sinia ipoe, akaitia bakulini, akalisimamisha bakuli ndani ya maji, akaigusa kwa shavu kuhakikisha hakuna joto hata la kusingizia. Halafu akapanda pikipiki mpaka hospitali. Mechack, ambaye hamu ya kula hakuwa nayo tangu zamani, alimega kidogo, kikamshinda, akasema ameshiba. Mama akaona ni afadhali, kidogo hakiui. Muuguzi akiuliza kama amekula, mama anajibu, "Amekula." Mechack anameza vidonge juu ya tumbo tupu, na baadaye anatapika.

Siku ya tatu Dokta Laure akaja mwenyewe saa ya chakula. Akafunua bakuli, akagonga bukari kwa kijiko. Ikalia ko! ko! "Mama, hiki ni chakula ao ni tofali?" Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka, hata Mechack akatabasamu.

"Ya moto itamuua," Domitille akasema.

Laure alitaka kucheka, akamwona uso, akaacha. Akamchukua mpaka barazani, wakakaa kwenye ngazi. Hapo Domitille akasimulia. Mto, sindano ya kioo, tonge moja, kidole cha Kanku. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Mechack. Alisema akitazama viatu vya daktari.

Laure akasogea karibu. "Mama, sikia. Ile dawa ya zamani iliuaka bantu. Yenyewe. Kwa bagonjwa makumi mawili, ilikuwa inaua kama mumoja, inamuvimbisha ubongo. Anaanguka, anatetemeka, anakufa. Angekula baridi, angekula moto, angelala na njaa, ni vile vile. Haiko bukari njo ilimuua tata Kalala."

"Basi ile sheria?"

"Bantu balikuwa banaogopa, mama. Mutu akiogopa anatafuta kitu cha kushika."

Ungedhani angefurahi, eh? Hata. Domitille alihisi kama mtu aliyebeba gunia njia ndefu, anafika, anaambiwa gunia lile halikuwa lake. Alilia kwa hasira. Alikumbuka uso wa Kalala macho yamefumba, akila kwa raha, na jinsi yeye alivyoichukia raha ile miaka yote, wakati ilikuwa kitu chema cha mwisho alichompa.

"Utalia kisha," Laure akamwambia taratibu, akimshika bega. "Sasa mutoto anangojea. Tukipoteza siku zingine, ubongo wake hautatungojea."

Nyuma ya hospitali, wanawake wanaouguza walikuwa wamewasha mbabula zao. Domitille akaazima moja, na unga, na mwiko. Akasonga bukari haraka, kabla moyo haujabadilika. Akaipeleka ikitoa moshi. Mechack akapuliza vidole, akala, akaomba samaki. Akameza vidonge. Mama akakaa pembeni ya kitanda, hakupepesa macho, akimngojea aanguke. Mchana ukapita. Kijana akageukia ukutani, akalala, akaanza kukoroma, na jioni akaamka akiuliza kama kuna bukari iliyobaki.

Siku zilipoisha Mechack alikuwa anatania wauguzi, na mchana anakaa macho. Laure, furaha imemzidi, akamweleza mama habari ya vidonge vile kama mtu anayesimulia ushindi wa timu yake. Kwamba wataalamu walikaa wakatafuta dawa isiyo na sumu, wakapekua mamia ya vitu vya zamani vilivyoachwa na viwanda, wakakuta unga mmoja uliosahaulika. Ulikuwa umetengenezwa Ulaya, ukajaribiwa kidogo, ukaachwa kwa kuwa wagonjwa wa ugonjwa huu ni watu wa mtoni wasio na kitu, nani atanunua? Wao wakaufuta vumbi, wakaufanyia kazi miaka mingi, wakaujaribu hapa hapa Congo, mpaka ukawa kidonge.

"Waliuacha lini?" Domitille akauliza.

"Ooh, ni zamani. Miaka ya themanini kule. Lakini haikukuwa dawa bado, mama, ilikuwa unga tu."

Daktari akaendelea kusimulia. Domitille hakusikia tena, alikuwa anahesabu miaka mpaka ya Kalala.

Jioni ile ile waliporudi Kanina, alimpigia simu Kanku. Alikuwa amepanga maneno makali, kwa haki kabisa. "Mama mukwe, ni miye, mama ya Mechack. Mutoto amepona. Na dokta amenielezea. Haiko bukari njo ilimuua Kalala. Ni ile sindano. Unanisikia? Haikukuwa miye!"

Ilisikika redio upande wa Mutshatsha, na pumzi ya mtu mzee. Halafu sauti ndogo ikauliza, "Na chai?"

"Chai gani?"

"Ile asubuhi. Weye ulikuwa umeenda kuteka mayi. Alikuwa anasikia baridi, anatetemeka. Nilimupa chai ya moto, kikombe muzima. Kisha niliona unamupa bukari. Nikasema, Mungu wangu, heri ikuwe bukari."

Tusi lilimfika Domitille kwenye ncha ya ulimi. Na tusi lenyewe lilikuwa la haki, nani angemlaumu? Alifikiri mkono ule uliokuwa unajificha ndani ya kitenge msiba baada ya msiba. Kumbe bibi naye alikuwa na moto wake. Simu ikabaki sikioni, na upande wa pili mwanamke mzee akaanza kulia kama Mechack alivyolia kwenye benchi.

"Haiko chai, mama," Domitille akasema mwishowe. "Haiko chai, haiko bukari. Tulimupa kwa sababu tulimupenda. Nyamaza, mama."

Mbele yake Mechack alikuwa amemwekea sahani, bukari inatoa moshi. Alimega kipande. Kilimuunguza kidole, akakitia mdomoni hivyo hivyo.

Kanku akapenga kamasi. "Na hii dawa ya Mechack," akauliza, "hii yenye haiue bantu. Ile wakati ilikuwa wapi?"

"Ku Ulaya. Mu rafu."

"Ilikuwa inafanya nini kule?"

"Hakuna kitu, mama," Domitille akasema. "Ilikuwa imekaa tu."