Maua ya Kahawa Yaliyochelewa Kuvuka

Mpaka leo nikiona keki ya harusi yenye maua ya sukari, kidole changu kinaniwasha kuyagonga kwa ukucha. Ndivyo nilivyofundishwa. Natamani nisingefundishika vizuri hivyo.

Mwalimu wangu alikuwa mama wa Bukavu. Kila asubuhi alivuka mpaka kwenye daraja la Rusizi na kikapu chake, akaja kwetu Kamembe kupamba keki katika chumba cha nyuma cha duka la kaka yangu. Alinichukua mimi, msichana wa Kiislamu mwenye mdomo usiotulia, kwa sababu ya vidole vyangu vyembamba. Hakuona sifa nyingine, na aliniambia hivyo hivyo.

Alikanda sukari ya unga na ute wa yai mpaka donge likawa laini kama ndewe ya sikio. Alilisukuma kwa chupa, akakata petali na kuzilaza kwenye trei za mayai zilizonyunyiziwa unga laini wa mahindi, maizena, ili zikauke zikiwa zimejikunja. Baada ya hapo ni kusubiri, na kwa mvua zetu na unyevu wa ziwa, ua hukauka likitaka lenyewe. Aligonga kwa ukucha. Likilia kama kikombe, limekauka. Likinyamaza, haliguswi, hata kama bwana harusi yuko mlangoni.

"Ua yenye haiyakauka inalala mu njia," alisema. "Itafika kule maji tupu."

Siku moja niliiba petali nikaitia mdomoni. Alinichapa mkono. "Wee! Maua ya gato batu banakulaka na macho!" Na kweli, maua ya keki hakuna aliyeyala. Watu waliyabeba nyumbani wakayaweka kwenye kabati la vioo mpaka yakageuka rangi ya vumbi.

Yeye aliyepamba harusi za watu hakuwahi kuolewa kanisani. Alimpata mzee wake huku upande wetu, Nzahaha, mzee akiwa kibarua wa kahawa na yeye akija kununua ndizi. Wakahamia Bukavu, wakazaa, wakapata wajukuu, na pesa ya harusi kila mara ikaliwa na ada za shule. Siku aliponiambia kwamba sasa wataoana, nilimcheka. "Maman, mwenye wajukuu anataka shela ya nini?"

Nilidhani atanirudishia utani, kama kawaida yetu. Aliendelea kukunja petali. "Haujuwi, mutoto yangu. Kila dimanshi batu banasimama kwenda kukomunika, na mi nabakia ku banki peke yangu. Batoto yangu banapita mbele yangu."

Kumbe asiyefunga ndoa kanisani hapokei komunyo; kila Jumapili hubaki kwenye benchi. Yalinikata maini. Tangu hapo niliitaka harusi ile kuliko nilivyoitaka yangu mwenyewe.

Bibi harusi hajipambii keki, kwa hiyo maua yalikuwa kazi yangu. Hakutaka waridi. Alitaka maua ya kahawa, meupe, yaliyosongamana kwenye tawi kama yanavyochanua Nzahaha baada ya mvua. Nilikata vinyota hivyo mpaka macho yakaniuma, na kila nilipoviunganisha, mvua ilinyesha tena.

Jumatano alikuja kuyachukua, harusi ikiwa Jumamosi. Nikagonga. Kimya. Nikasogeza trei karibu na jiko la makaa, nikagonga tena. Kimya.

"Leta tu hivyo," alisema. "Roho yangu haitulie."

Nami nikasimama mkono kiunoni, nikaigiza sauti yake: "Ua yenye haiyakauka inalala mu njia, Maman!"

Alicheka mpaka akashika meza. Akamwita kaka yangu aje amwone mwanafunzi aliyemzidi mwalimu. Kisha akaondoka na kikapu kitupu, akisema atarudi Ijumaa. Sijawahi kujisikia fahari kama jioni ile.

Kabla ya Ijumaa mpaka ukafungwa kwa sababu ya ugonjwa ulioenea dunia nzima, na makanisa nayo yakafungwa. Baadaye ya upande wao yalifunguliwa, lakini daraja bado. Nilimsihi kwenye simu wafunge ndoa hata kwa mkate wa kawaida.

"Nimengojea hii myaka yote," alinijibu, "nitashindwa kungojea maua?"

Maua yalikuwa yamekauka zamani, kwenye boksi, juu ya kabati langu. Kutoka dukani kwetu tuliuona mji wao ng'ambo ya maji. Kisha presha ikamchukua mzee wake.

Daraja lilipofunguliwa nilivuka na boksi nimelikumbatia. Nilimkuta uani, amevaa kitenge cheusi. Nilianza kuomba radhi, nikaishia kulia kama mtoto. Yeye hakulia. Alifungua boksi, akatoa ua moja, akaligonga kwa ukucha. Likalia.

"Umefanya muzuri," alisema.

Akalitia mdomoni. Mwanamke aliyenichapa kwa petali moja alitafuna ua zima, taratibu, akiangalia ukuta. Kisha akachagua lingine akanipa.

"Kula, mutoto. Ni ya harusi."

Nilikula. Lilikuwa kavu kabisa, na nilichukua muda mrefu kulimeza.