Fisi Aliyefagia Njia

Bibi yangu alinifundisha kusoma nyayo kwa makofi ya mgongoni na matusi ya mapenzi. "Wewe mke mwenzangu," alizoea kusema tukishuka korongoni nyuma ya kijiji chetu, Gulwe, "huyu ni mbweha au mbwa wa jirani? Tumia macho, siyo mdomo." Nikikosea alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

Somo lake kuu lilikuwa fisi. Nyayo za mbele kubwa, za nyuma ndogo, kucha zinaonekana. Kinyesi chake kikiwa kibichi kina ukijani. Kikishapigwa na jua ndipo huwa cheupe kama chokaa, kwa sababu ya mifupa anayotafuna. Hayo niliyajua kuliko hesabu za shuleni.

Asubuhi moja mbuzi wangu hakuwepo zizini. Wangu kabisa, mwenye doa jeupe pajini, niliyepewa na Bibi tangu akinyonya, na sasa alikuwa na mimba. Nilikuwa nimeshajipangia kundi zima kutoka tumboni mwake. Nililia bila aibu.

"Fisi," alisema Babu, akitikisa kichwa kwa huzuni iliyozidi kipimo. "Nimeona alama zake." Akanigeukia mimi, mjukuu wake. "Basi, mke wangu, nyamaza."

Bibi alinisukuma mbele, akasema, "Soma."

Nilichutama huku nikifuta kamasi. Nyayo zilikuwepo, zimekandamizwa vizuri, na zote za ukubwa mmoja. Pembeni kulikuwa na kinyesi cheupe, kikavu, kilichopukutika nilipokigusa kwa kijiti. Fisi awe wa jana, kinyesi cha mwezi uliopita? Machozi yalikauka, nikapandwa na hasira. Halafu nikaona vumbi lililofagiwa kwa tawi kuelekea njiani.

"Bibi, huyu fisi ni msafi sana," nikasema. "Amefagia."

Babu akakumbuka kwamba ana shughuli mahali.

Mfagiaji alikuwa amechoka mapema. Baada ya mbuyu wa njiani kwato zilionekana wazi, za mbuzi anayetembea taratibu, na kando yake alama za katambuga za tairi, ya kushoto imemegeka kisiginoni. Kijiji kizima kiliijua katambuga hiyo ya Babu. Tulizifuata hadi kwa rafiki wa Babu, na mbuzi wangu alikuwa nyuma ya nyumba, amefungwa, anatafuna mabua.

Yule mzee alitueleza bila hata kuona haya. Kesho yake ilikuwa siku ya mnada, na mbuzi wangu angeuzwa huko. Miaka ile mitumba ndiyo ilikuwa imeanza kumwagika minadani, na Babu alikuwa ameona koti refu la sufu, lenye vifungo vya shaba. Koti la sufu, kwa jua letu lile!

Tuliporudi tulimkuta Babu amekaa barazani na majirani waliokuja kumpa pole. Alikuwa akiwaonyesha kwa mikono ukubwa wa fisi. Nilimsogeza mbuzi hadi mbele yao, nikapiga goti kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, fisi."

Wote wakamgeukia Babu. Babu hakuwahi kuacha shikamoo bila kuijibu, na baba zangu wadogo walichapwa kwa kosa hilo. Alimtazama Bibi. Bibi alikuwa anatazama mawingu.

"Marahaba," akasema kwa sauti ndogo, "mke wangu."