Magunia Chini ya Maji

Shirleen Obonyo alizoea kuzama mahali asipoona hata kiganja chake. Kazi yake ilikuwa kutoa pampu zilizokwama kwenye mabwawa ya mashamba ya maua kule Isinya. Majirani zake wa Kitengela walipomshangaa, aliwaambia giza la majini haliui. Kinachoua ni pupa.

Siku hiyo aliitwa na Mzee Wanyoike, mwenye shimo kuukuu la kuchimbia mawe karibu na Kiserian. Shimo lilijaa maji, na malori yalichota hapo kwenda kuuza mitaani. Pampu ilikuwa imeanguka ndani.

"Hii maji iko na harufu," Shirleen alisema akijifunga mtungi wa hewa.

"Ni matope tu, madam."

Alishuka akiifuata kamba. Mwanga ukakatika, akabaki kupapasa. Mkono ulizama kwenye kitu laini, chenye utelezi. Halafu mguu ukanaswa. Aliuvuta, ukakazwa zaidi. Pumzi zikawa fupi fupi, na alijua hewa ya mtungi haivumilii mtu mwenye hofu.

Akaacha kushindana. Alifumba macho, maana hayakumfaa kitu, akatoa pumzi polepole hadi kifua kikatulia. Kisha akaufuata mguu kwa mkono: goti, kifundo, kamba ya nailoni, gunia lililopasuka. Vidole vikapita kwenye manyoya, vikashika ukucha.

Kuku. Kuku waliooza, gunia juu ya gunia.

Alikata kamba kwa kisu, akapanda taratibu, na alipofika ukingoni akatapika mbele ya Wanyoike, manyoya yamemganda shingoni.

"Mzee, ulijua?"

"Kuku wangu walikufa na ugonjwa, wote. Ningezika wapi, na hapa ni mawe tupu?"

"Na watu wanakunywa!"

"Si wanachemsha?"

Nashon, dereva wa lori la maji, alikuwa amesimama hapo hapo. Alifungua bomba la tangi, maji yote yakamwagika chini, kisha akawapigia simu madereva wenzake.

Wanyoike alimsihi Shirleen arudi kuifuata pampu. "Ifuate mwenyewe," alimjibu, akapiga simu kwa afisa wa afya. Jioni shimo lilifungwa.

Nyumbani alijisugua kwa sabuni ya mche hadi ngozi ikawasha. Harufu haikutoka vidoleni. Wiki nzima alikula ugali kwa kijiko.