Divai ya Bi Greta na Asali ya Mzee Mihambo

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyopewa divai nyeupe ya kutoka Ulaya, nikainusa, nikamwambia mwenyewe kuwa imeharibika. Kaa vizuri nikusimulie. Ndani yake mna aibu yangu, nami nimezeeka kiasi cha kuisema bila kujifunika uso.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tuliishi mbele ya Kaliua, upande wa msitu, na kazi ya kijiji ilikuwa tumbaku na asali. Asali ya warina wote iliingia ghala moja na kuuzwa kwa jina la kijiji kizima. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Tabora mjini kwenye mafunzo ya wiki sita ya kupima asali, nimerudi na cheti. Kila debe lilipofika nilichovya kijiti, nikanusa, nikaonja, nikasema: hii ndiyo, au hii siyo. Wazee waliokuwa wakirina kabla mama yangu hajazaliwa walisimama foleni wakingoja neno langu. Debe tupu haliachi kuvuma, na mwaka ule debe lenyewe nilikuwa mimi.

Pale ghalani tuliogopa kitu kimoja kuliko vyote: mafuta ya taa. Madebe mengi yalikuwa yamebeba mafuta hayo kabla ya kutufikia sisi, na asiyeosha vizuri debe lake aliweza kuharibu asali ya kijiji chote. Basi siku moja ya kupokea, uwanja umejaa watu, akaja Mzee Mihambo na madebe matatu. Alikuwa mgane, mpole, mwenye mizinga mbali kuliko wenzake wote. Nikafungua debe la kwanza, nikanusa, pua ikashtuka. Kuonja sikuonja. Nikasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Mzee, hii ina mafuta ya taa. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Weka kando."

Akayabeba madebe yake moja moja hadi nyuma ya ghala, akayapanga chini ya upenu, akaenda zake nyumbani.

Wewe umezaliwa juzi, huenda hujui uzito wa neno lile. Warina asali wakiingia msituni hukaa kambi moja kwa wiki nyingi, moto mmoja, chungu kimoja. Nani atakaa na mtu anayechafua asali ya wenzake? Msimu ulipokaribia, wakamwambia kwa adabu kwamba mwaka huu kambi imejaa. Na porini kule hakuna mzee anayekwenda peke yake. Maana yake mizinga yake ingekaa bila mtu, na yeye angekaa mlangoni kwake akitazama wenzake wanapita. Nilizisikia habari hizo nikasema moyoni, na ajifunze kuosha debe.

Zilikuwa zimebaki siku mbili warina waondoke alipofika Bi Greta. Huyu alikuwa mtaalamu wa nyuki, Mjerumani, mwanamke wa makamo aliyejifunza Kiswahili kwa masista na kukisema polepole kama anayehesabu ngazi. Alikuja kwa treni kutazama mizinga yetu ya magome. Jioni, kazi imekwisha, akatoa kwenye sanduku lake chupa mbili ndefu za kijani alizokuwa amezifunga kwa nguo zake. Akazitumbukiza kwenye mtungi wa maji zipoe, akanikaribisha barazani.

Baba yake, alisema, alikuwa mkulima wa zabibu kando ya mto uitwao Mosel, kwenye mteremko mkali wa mawe meusi, mahali penye baridi na jua la kubahatisha. Divai niliyoijua mimi ilikuwa ya altareni tu, nayo sikuwahi kuionja. Nikauliza kwa nini inaitwa nyeupe wakati naiona ya manjano. Akacheka, akasema hilo hata kwao hakuna anayelijua. Akanywa yeye kwanza ndipo akanimiminia mimi, kama tufanyavyo sisi mgeni asihofu sumu kwenye pombe, nikampenda kwa hilo.

Ya kwanza ilikuwa changa. Mwanangu, niliifinya midomo kama mtoto aliyelamba ukwaju. "Usimeze upesi," akaniambia. Nikangoja. Ule uchachu ukatulia, ukawa embe bichi, ukawa limau, na nyuma kabisa kukaja kitu kama harufu ya jiwe lililonyeshewa mvua ya kwanza. Nilishangaa sana. Nikanywa tena kuhakikisha kama lile jiwe bado lipo, nalo lilikuwepo. Akanieleza kuwa kwao zabibu hukawia kuiva kwa sababu ya baridi, kwa hiyo uchachu haupotei, na huo uchachu ndio unaoilinda divai ikae miaka na miaka.

Akafungua chupa ya pili, ya mteremko ule ule, ila ilikuwa imelala gizani zaidi ya miaka kumi. Rangi yake ilikuwa kama samli. Nikasogeza pua, nikaweka glasi chini.

"Bi Greta, pole. Chupa yako ilisafiri karibu na mafuta ya taa. Imeharibika."

Nilidhani atahuzunika. Akapiga goti lake kwa furaha. "Hiyo ndiyo baba aliyoingoja! Hakuna aliyetia kitu. Zabibu hizi zikizeeka vizuri hutoa harufu hiyo zenyewe."

"Lakini ni mafuta ya taa. Pua yangu inayajua."

"Pua yako inajua jina moja," akasema, "ikalitumia hilo hilo. Onja."

Nikaonja. Mlikuwa na asali mle, na ganda la chungwa lililokaushwa, na uchachu bado umesimama wima kama mzee asiyetaka mkongojo. Mafuta ya taa hayakuwamo kabisa. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Mihambo, nikaweka glasi chini.

Nikaondoka barazani bila kuaga. Nyuma ya ghala yale madebe matatu yalikuwa pale pale, yana vumbi. Nikafungua, nikanusa, pua ikasema mafuta ya taa. Nikakataa kuisikiliza. Nikachovya kijiti, nikaweka ulimini, nikangoja. Ikaja harufu ya jani bichi lililosagwa, ikaja ulimbo wa mti, kisha utamu wenye uchungu kidogo mwishoni. Haikuwa na kasoro yoyote. Sijawahi kuonja asali nzuri kama ile, wala sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Alfajiri nilikuwa mlangoni kwake, nimepiga magoti. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kana kwamba sikumtendea neno. Nikamweleza yote, na divai pia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mayu," akasema, maana wazee wetu humwita binti mama, "siku ile ulinusa, ukasema. Kati ya kunusa na kusema palikuwa na nafasi ya swali moja. Mbona hukuniuliza?"

Nikamwomba radhi.

"Neno ulilisema uwanjani," akasema, "nawe unakuja kuniomba radhi mlangoni kwangu?"

Nilijua anachotaka, na niliogopa. Nikikiri mbele ya watu, nani ataamini tena kijiti changu? Lakini warina walikuwa wanaondoka kesho yake. Nilikwenda naye uwanjani na debe lake moja, walipokuwa wakifunga mizigo, nikaita watu, nikasema: asali ya Mzee Mihambo ni safi, mchafu nilikuwa mimi. Bibi mmoja akasema debe tupu ndilo hilo, watu wakacheka, nami nikaacha wacheke. Mkuu wa warina akachukua kijiti, akaonja, akachovya tena akaonja. Kisha akamgeukia Mzee Mihambo. "Leta mzigo wako, kaka. Tunaondoka alfajiri."

Walirudi baada ya wiki sita. Mzee Mihambo alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Akaweka debe mbele yangu, akalifungua mwenyewe, akangoja, na uwanja mzima ukangoja naye. Nikanusa. Ile harufu ilikuwepo, kali kuliko mara ya kwanza. Nikaweka kijiti chini. "Mzee," nikasema, "hii ni ya mti gani?"

Akavuta gunia, akaketi, akaanza kunieleza habari za mti wa kule mbali ambao maua yake huipa asali harufu ile. Foleni nzima ilimngoja amalize, na hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo mwanangu, kuuliza si ujinga. Ukikutana na usilolijua, pua yako na macho yako yataharakisha kulipa jina la kitu unachokijua. Usiyaamini siku ya kwanza. Ngoja kwanza, onja, muulize mwenye mali. Na ukimkosea mtu hadharani, radhi yake usiipeleke mafichoni. Mungu akupe ulimi wenye subira, akukutanishe na watu wenye mengi ya kukueleza, na siku utakayopimwa wewe, akupe mpimaji atakayekuuliza kwanza.